Kabla ya kulipa ada ya ufundi, omba kuonyeshwa karakana

 

Makala yetu ya leo inaanzia Wazo, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kwenye kilima ambacho mawe yake yamekuwa yakisagwa kutengeneza saruji tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1966. Upande huu wa Kinondoni, kuanzia Tegeta na Salasala hadi Madale, Boko na Bunju, nyumba mpya zinainuka kila uchao. Palipo na nyumba mpya pana kazi ya mwashi, fundi bomba, fundi umeme, seremala na mchomeleaji wa mageti. Mtu angedhani kwamba kijana aliyekulia hapa hawezi kukosa pa kujifunza kazi. Mabango nayo hayapungui. Kando ya Barabara ya Bagamoyo na katika vichochoro vyake yapo ya kompyuta, hoteli, udereva, ushonaji, urembo, umeme na uuguzi, na mengi yanaahidi cheti na ajira kwa pamoja.

Tulishawishika kuandika habari hii baada ya mama mmoja mjane, ambaye watoto wake walisoma madrasa moja na wetu, kututembelea nyumbani baada ya swala ya Alasiri akiwa na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha mwanawe wa kwanza, chenye nakshi pembezoni na muhuri mwekundu, kikieleza kwamba kijana huyo amehitimu ufundi umeme wa majumbani. Mama alikuwa amelipa laki tisa kwa mwaka mmoja, na zaidi ya nusu yake zilikuwa fedha za mchezo alizopokea zamu yake ilipofika. Hatutakitaja chuo hicho. Kijana alisoma kwa mwaka mzima katika chumba cha ghorofani chenye ubao na viti vya plastiki. Aliandika madaftari matatu, akachora saketi kwa rula na kalamu za rangi, lakini siku alizogusa waya kwa mikono yake hazikuzidi vidole vya mkono mmoja.

Fundi mmoja wa Tegeta alimpokea kwa wema. Akamwambia, "Kijana wangu, kazi ipo, lakini siku moja utataka leseni yako mwenyewe. Nenda ukaulize kama cheti hiki kitakufikisha huko." Akaenda. Leseni za ufungaji umeme nchini hutolewa na EWURA kwa madaraja, na miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa ni cheti cha mafunzo kinachotambulika na mamlaka. Bila mfungaji mwenye leseni, maombi ya mteja ya kuunganishiwa umeme hayaendi mbele. Cheti cha kijana, pamoja na nakshi zake zote, hakikutambulika popote.

"Nisomeeni nyinyi mnaojua kusoma vizuri," mama akatuambia, "labda mimi sikuelewa."

Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Cheti kile hakikuwa na neno hata moja linaloeleza ni nani aliyesimamia mtihani.

Kazi ya mikono si adhabu

Kabla hatujafika kwenye vyuo, lipo jambo tunaloona lina sehemu kubwa katika hasara za namna hii. Familia nyingi humpeleka kijana kwenye ufundi baada ya kukata tamaa naye. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka, alama ni hafifu, nyumba inanuna, na baba anasema kwa hasira, "Basi, akasome hata ufundi." Neno hilo "hata" ndilo linalotugharimu. Mzazi anayepeleka mtoto "hata ufundi" haulizi maswali ambayo angeuliza kama angekuwa anampeleka chuo kikuu. Anatafuta bango la karibu, analipa na kurudi nyumbani.

Waislamu hatuna udhuru wa kuidharau kazi ya mikono. Nabii Nuhu (A.S) aliamrishwa kuunda jahazi, akaliunda huku watu wakimcheka. Nabii Daud (A.S) alilainishiwa chuma akawa anatengeneza deraya za vita, na Qur'an imetaja hata kuzipima sawasawa pete zake. Nabii Zakaria (A.S), kama alivyotueleza Mtume (S.A.W), alikuwa seremala. Imamu Ghazali alipozihesabu faradhi za kutosheleza, yaani zile ambazo wakizifanya baadhi ya watu huwaondolea wengine dhima, na zisipofanywa na yeyote mji wote hupata dhambi, aliutia ushonaji, ufumaji na kilimo pamoja na utabibu. Kwa maana hiyo, mtaa wa Waislamu usio na fundi mwaminifu una deni mbele ya Mola wake, na deni hilo halilipwi kwa kuwa na wahitimu wengi wa sheria.

Hata lugha yetu inalijua hilo. Wenzetu wa Zanzibar huyaita mafunzo haya mafunzo ya amali, na kuanzia mwaka 2024 sekondari za Tanzania Bara nazo zimeanza kuwa na mkondo wa amali. Neno ni lile lile tulilolipata madrasa, lile la matendo yatakayopimwa kwenye mizani.

Wazee wetu walilitambua hili mapema kuliko tunavyodhani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma katika shule, nyingi zikiwa za misheni. Ndipo ulipobuniwa mpango wa kujenga Mombasa chuo cha ufundi kwa ajili yao. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub, alitoa fedha, Aga Khan akatoa, jamii ya Mabohora ikatoa, na serikali ya kikoloni ikatia fungu lake. Chuo hicho, Mombasa Institute of Muslim Education, wenyeji wakikiita MIOME, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, wakiwamo vijana waliotoka Tanganyika, Zanzibar na Uganda. Mwaka 1966 kilibadilishwa jina kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tunalitaja hilo kwa sababu waasisi wake hawakuanza na bango. Walianza na karakana, mashine na walimu, na mzazi wa Tanga aliyemsafirisha mwanawe kwenda Mombasa alijua anampeleka kwenye nini.

Nani anakitambua chuo

Katika nchi yetu mambo haya yana historia ndefu ya sheria. Ilikuwapo sheria ya uanagenzi ya mwaka 1940, ikaja ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, kisha sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Kwa miaka mingi VETA ndiyo iliyokuwa ikiendesha vyuo vyake na papo hapo kusajili vyuo vya watu wengine. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa. Kazi ya kusajili na kudhibiti ubora wa vyuo vya ufundi stadi ikahamishiwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo awali liliitwa NACTE na lilishughulika na vyuo vya ngazi ya astashahada na stashahada. VETA ikabaki na vyuo vyake na jukumu la kutoa mafunzo.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa leo kwamba chuo "kimesajiliwa VETA" tu, na karatasi anayoonyeshwa ni ya miaka mingi iliyopita, ana haki ya kuuliza zaidi. Aombe namba ya usajili ya NACTVET, kisha aihakiki kwa Baraza lenyewe, kwa sababu orodha ya vyuo vilivyosajiliwa hutangazwa hadharani na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitafuta akiwa barazani. Na asitosheke na jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji na kompyuta, kikaongeza umeme na upishi kwenye bango bila idhini ya mtu. Usajili unaotakiwa ni wa chuo pamoja na kozi ile ile anayoitaka mtoto.

Hapo tuwatahadharishe hasa wazazi wa mabinti wanaotamani uuguzi. Uuguzi na ukunga ni taaluma zenye Baraza lake, na haziingiliwi kwa kozi ya miezi sita ya uchochoroni. Binti anayeahidiwa sare nyeupe baada ya nusu mwaka anapaswa kuuliza atasajiliwa na nani kufanya kazi hiyo. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, na ada ibaki mfukoni.

Kutoka Wazo hadi Chang'ombe

Twende sasa kwenye suala la ukaribu. Chuo cha VETA kinachojulikana zaidi jijini kiko Chang'ombe, Temeke, na kingine cha teknolojia ya habari kiko Kipawa, upande wa uwanja wa ndege. Kwa mkazi wa Wazo vyote viwili viko upande wa pili wa jiji. Ada yake ndiyo inayowavuta watu, maana kwa miaka mingi kozi ndefu katika vyuo vya VETA zimekuwa zikilipiwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na sare na mahitaji mengine.

Lakini tupige hesabu. Tuseme kijana anatumia shilingi 3,000 kwa siku kwenda na kurudi, kwa kuwa atapanda magari mawili asubuhi na mawili jioni. Kwa siku 22 za masomo katika mwezi hizo ni shilingi 66,000. Yaani nauli ya mwezi mmoja imeipita ada ya mwaka mzima. Kwa miezi 10 ni shilingi 660,000, na bado hajala mchana, wala hatujahesabu saa anazozipoteza kwenye foleni za Mwenge na swala ya Magharibi inayomkuta amesimama ndani ya daladala. Chuo binafsi cha Boko kinachotoza laki tano, ikiwa kimesajiliwa na kina karakana, kinaweza kuwa nafuu kuliko kile cha bei ndogo kilicho mbali. Na kama hakina karakana, hizo laki tano zimetupwa. Ndiyo maana tunasema umbali peke yake hauamui.

Njia nyingine ni ile ya asili yetu, ya mtoto kukaa kwa shangazi au mjomba. Familia nyingi za Wazo zina ndugu Temeke, Mbagala au Yombo. Tumewaona vijana waliolala sebuleni kwa mjomba kwa miaka miwili wakarudi mafundi kamili. Mjomba naye akumbukwe. Kumpelekea kilo chache za unga na mchele kila mwisho wa mwezi ni jambo la haki, na linazuia yale maneno ya chinichini ambayo huvunja masomo kuliko nauli.

Lipo na suala la majira. Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na maombi huchukuliwa katika miezi ya kabla ya hapo. Mzazi anayesubiri kwanza matokeo ya kidato cha nne ndipo aanze kuhangaika, aghalabu hukuta mlango umefungwa, na hapo ndipo mabango ya njiani yanapomnasa kwa sababu yenyewe hupokea wanafunzi mwaka mzima. Haina maana kwamba kila chuo kinachopokea wakati wowote ni cha ujanja. Kozi fupi za miezi michache huanza nyakati mbalimbali, hata katika vyuo vya serikali. Lakini mwenye haraka ni rahisi kudanganywa.

Mama na karani

Tulifuatana na mama yule kutafuta upya. Chuo cha kwanza kilikuwa na kapeti, feni na karani mchangamfu.

"Karibu mama, karibuni wazee. Nafasi zimebaki chache sana."

"Ahsante mwanangu. Nilitaka kujua namba yenu ya usajili."

"Ipo mama, meneja anayo. Leo ametoka."

"Na karakana ya umeme naweza kuiona?"

"Karakana iko tawi lingine, mama. Kwanza mtoto alipie fomu, tutawapeleka."

"Na mtihani wa mwisho unasimamiwa na nani?"

Karani alitutazama sisi, kana kwamba ndio tuliomfundisha mama maswali hayo. Kwa kweli hatukumfundisha. Mama alikuwa ameyapata kwa laki tisa.

Chuo cha pili hakikuwa na kapeti. Mwalimu mmoja wa makamo, mwenye grisi kwenye kucha, alimwona mama ameshatoa kalamu akamzuia. "Dada, usiandike kitu bado. Njoo kwanza uone." Akatupitisha kwenye banda la mabati ambamo vijana kama kumi na watano walikuwa wamegawanyika katika ubao tatu, kila ubao ukiwa na swichi, soketi na taa, wakifunga na kufungua. Mmoja alikosea, fyuzi ikakatika, wenzake wakamcheka, mwalimu akamwambia atafute kosa lake mwenyewe kabla ya adhuhuri. Ndipo tukarudi ofisini, akatoa faili lenye barua ya usajili, jina la kozi, na majina ya sehemu walikopelekwa vijana wa mwaka uliopita kwa mafunzo ya kazini. Ada yake ilikuwa juu kidogo ya ile ya chuo cha kapeti. Alisema hivyo mwenyewe bila kuulizwa, akaeleza kwamba waya na soketi zinazoharibika ni gharama na haziwezi kuepukwa.

Mwenye kusoma fiqhi atayatambua maswali ya mama yule. Kumlipa mtu akufundishe mwanao ni mkataba wa ijara, na wanazuoni wameuwekea masharti yanayojulikana, kwamba manufaa yanayonunuliwa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Mkataba wenye kificho katika mambo hayo umeingiwa na gharar, na dini imeikataza. Mzazi anayeuliza kozi ina saa ngapi za vitendo, wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja, nani ananunua vifaa, kijana atapelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini, na fedha itarudishwaje ikiwa kozi haitafunguliwa, asijione mkorofi. Anatimiza masharti ya mkataba wake. Na majibu yaandikwe, kwa kuwa Qur'an imetuamrisha kuandika tunapokopeshana, na ada inayolipwa kabla ya mafunzo kutolewa haiko mbali sana na hilo. Risiti iwe na jina la chuo na jina la kozi. Kutuma ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ni jambo ambalo tungeshauri liachwe kabisa.

Kwa wenye mabinti

Wazazi kadhaa wametuuliza kama binti anaweza kusoma ufundi umeme, kuchomelea au magari bila kuvunja stara yake. Anaweza, lakini lipo jambo la kuangalia kwa macho. Ushungi mrefu unaoning'inia ni hatari mbele ya mashine ya kukerezea na moto wa kuchomelea, kama ilivyo hatari tai ya mwanamume. Dawa yake ni ushungi wa kubana unaoingizwa ndani ya ovaroli pana. Vyuo vyenye uzoefu vinalijua hilo na havimvui mtu hijabu yake. Mzazi aulize waziwazi. Aulize pia kuhusu sehemu ya kuswalia, vyoo vya wasichana, saa ya kumaliza vipindi, na binti atakuwa chini ya nani siku za mafunzo ya kazini. Hili la mwisho husahaulika. Chuo kinaweza kuwa na adabu nzuri, lakini kikampeleka binti peke yake kwenye gereji ya mtu ambaye hakuna aliyemchunguza.

Tunaongeza kwamba si kila binti alazimishwe ushonaji na mapambo ya maharusi. Hayo ni kazi za heshima na zina soko kubwa Dar es Salaam, hasa miezi ya harusi kabla ya Ramadhani. Lakini nyumba nyingi hubaki na mama na watoto mchana kutwa, na mwenye nyumba angefurahi kama anayekuja kutengeneza jokofu au kurekebisha nyaya angekuwa mwanamke.

Chuo cha chini ya mwembe

Wapo vijana ambao hawahitaji chuo chochote kuanza, kwa sababu wameshaanza. Pita Tegeta asubuhi utawaona wakipiga randa vitanda kando ya barabara, wakikata alumini, wakifungua gia za bodaboda. Wamejifunza kwa fundi, kwa kutumwa na kukosea, na wengi wao wana mikono hodari kuliko wahitimu wa vyumba vya ghorofani. Wanachokosa ni karatasi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwenye uzoefu hupimwa kwa vitendo katika kazi yake, mapengo yake yakiwapo huzibwa kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari, mafundi bomba, wapishi na wengineo wamepitia njia hii. Ni jambo linalofaa kuulizwa katika ofisi za VETA kabla ya kumtoa kijana kwa fundi wake na kumrudisha darasani miaka miwili.

Fundi naye ana dhima. Kijana anayeletwa kujifunza ni amana. Kumgeuza mchota maji na mfua nguo wa nyumbani kwa mwaka mzima, kisha kumwambia bado hajaiva, ni dhulma hata kama baba yake alikubali kwa mdomo. Mapatano yasemwe mbele ya mashahidi kwamba atajifunza nini kwa muda gani, ataanza lini kupata posho, na akimaliza ataondoka na nini. Kwa desturi ya zamani mwanafunzi aliyehitimu alikabidhiwa baadhi ya zana na bwana wake. Sehemu nyingi desturi hiyo imekufa.

Zaka na randa

Hilo la zana linatufikisha msikitini. Kila Ramadhani tunaona foleni ndefu nje ya nyumba za matajiri, watu wakipewa elfu tano na elfu kumi ambazo jioni zimeshakuwa unga na mafuta. Hatulibezi, kwa kuwa mwenye njaa hula leo. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwamo Imamu Nawawi, wameeleza kwamba masikini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake, zikiwa za thamani ndogo au kubwa, ili apate kujitosheleza. Cherehani ni zaka. Mashine ya kuchomelea ni zaka. Na kijana fakiri aliyehitimu kisha akakaa barazani mwaka mzima kwa kukosa drili na bisibisi, yumo ndani ya maelezo hayo.

Tungependa kuona kamati za misikiti ya Wazo, Salasala na Madale zikifanya jambo moja dogo ambalo halihitaji mfadhili. Wachaguliwe watu wawili watatu, awepo mwanamke mmoja na fundi mmoja, wavitembelee vyuo vilivyo karibu mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa maombi. Waone karakana, wahakiki usajili wa kila kozi, waulize ada na mtihani, kisha wabandike orodha yao penye ubao wa nyakati za swala. Mzazi asiyejua kusoma vizuri ataulizia hapo. Mwenye chuo kizuri hataona ubaya kutembelewa.

Mama yule amempeleka mwanawe kwenye banda la mabati, lakini si kwa mwaka mzima. Mwalimu alimpima kijana kwa siku moja akasema nadharia anaijua, kilichobaki ni mikono. Akamshauri asubuhi asome na jioni awe na yule fundi wa Tegeta, hadi wakati wa mtihani wa Taifa. Ada wamekubaliana ilipwe kwa awamu nne, na imeandikwa. Juma lililopita mama alituletea tena bahasha. Safari hii ilikuwa na risiti ya awamu ya kwanza, na alitaka tumsomee kama jina la kozi limeandikwa sawasawa.

Limeandikwa sawasawa.